Viti vya Watani Uwanja wa Olasiti

Kama hujawahi kumsikia Nosim akitangaza mpira, pole sana. Watu wa Sombetini walikuwa na bahati hiyo kila Jumamosi, tena bure. Msichana mwenyewe mwembamba, siku za kazi anajifunza ushonaji kwa fundi aliyepakana na duka la Mama Aika, na ukimkuta ameinamia cherehani utadhani hajui neno lolote zaidi ya shikamoo. Sasa mpe kipaza sauti uone.

Alikuwa mtangazaji wa Loshoro Queens, timu ya wasichana wa mtaani iliyochukua jina la chakula kile cha mahindi na maziwa ya mgando, kwa sababu golikipa wao alikuwa hadaki mpira mpaka awe amekishiba. Kiswahili cha Nosim kilipitia Kimaasai kwanza kabla hakijamfikia msikilizaji. Z iligeuka S bila kuomba ruhusa, na mifano yake yote ilitoka bomani kwa baba yake, kule Kisongo. Winga akikimbia na mpira asitoe pasi, Nosim alisema huyo ana ndama wake mmoja, hataki ashikiwe kamba. Beki akipanda mbele akachelewa kurudi, alitangaza kwamba zizi limeachwa wazi na fisi ameshaona. Watu walicheka mpaka refa akasahau kupuliza filimbi.

Aliyekuwa akirekodi hayo yote kwa simu ni Aika, rafiki yake, binti wa Mama Aika mwenye duka. Familia yao ni ya Machame, ila Aika mwenyewe alizaliwa Sombetini na kwao Kilimanjaro anakujua kwa Krismasi tu. Loshoro walipocheza nusu fainali, Aika akakata kipande kile cha zizi na fisi, akakirusha mtandaoni, akaenda kuoga. Aliporudi kilikuwa kimeshasambaa. Watu wa Mwanza walikitazama, watu wa Mtwara walikitazama, mpaka mpishi mmoja wa melini akaandika kwamba amecheka hadi ameunguza wali. Nosim alitembea juu juu kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kisha wakaja wale wengine.

"Nani kamtoa huyu zizini?" aliandika mmoja. "Kipaza sauti siyo fimbo, rudi ukachunge," akaandika wa pili. Mwingine akasema Kiswahili kina wenyewe, na kwamba kabila lile likipewa umeme litaufunga kamba. Hao walikuwa wapole. Walikuwapo wa kusema mambo ambayo mtu mwenye mama hayasemi. Lakini aliyemchoma Nosim kuliko wote alijiita Mtoto wa Town, mwenye picha ya kijana aliyevaa miwani ya jua, ameegemea gari jeupe. Yeye hakutukana sana. Aliandika tu: "Dada, unatutia aibu. Nyamaza."

Nosim aliyasoma hayo akiwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, alikojificha akisingizia kutafuta kifungo. Alisoma tena na tena, na kila aliporudia aliumia upya, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Hakulia. Ilikuwa mbaya zaidi, maana alianza kuona kwamba wana haki.

Aika naye akafanya alivyoona inafaa. Kwanza aliamua kwamba Mtoto wa Town ni Mchaga. Gari na miwani ya jua kwake vilikuwa ushahidi tosha. Kwa hiyo akapika mtori wa ndizi na nyama, sufuria nzima, akauleta kwa fundi kwa niaba ya Wachaga wote, wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo.

"Nakuomba utusamehe," alisema, akimpakulia. "Tuna watu wa hovyo, lakini siyo wote."

"Umejuaje ni wa kwenu?"

"Mtu ameegemea gari la kuazima akapiga picha. Atakuwa nani mwingine?"

Nosim alikula mtori ule, na ulikuwa mtamu, lakini haukuponya kitu. Ndipo Aika akageukia njia ya pili, akaingia mtandaoni kupigana. Alimjibu mtu mmoja kwa kulisema kabila lake, alilolibahatisha kwa jina. Akabahatisha vibaya, akaudhi makabila mawili kwa pamoja. Hao wakaita ndugu zao, ndugu wakaita majirani, na kufikia jioni kulikuwa na makabila saba uwanjani na hakuna refa. Aliyeanzisha ni Aika, na aliyekuwa akitajwa katika kila tusi ni Nosim.

"Asante kwa kunitetea," Nosim alimwambia. "Sasa niombee nisitetewe tena."

Fainali ilikuwa Jumamosi, uwanja wa Olasiti, Loshoro Queens dhidi ya wasichana wa Olmotonyi, mshindi anaondoka na mbuzi. Eliud, katibu wa timu, kijana wa bodaboda mwenye spika kubwa kuliko chumba alichopanga, alipita kumfanyisha Nosim mazoezi. Akampa kipaza sauti. Nosim akakohoa, akanyoosha shingo, akaanza kusema kama wale wanaosoma habari, taratibu, kila neno limepigwa pasi. Z zote zilikuwa mahali pake. Ng'ombe hakuwapo hata mmoja.

Eliud alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "hii ni fainali au tangazo la msiba?"

"Basi tafuta mtu mwingine."

"Nosim."

"Nimesema tafuta mwingine, Eliud. Wako wengi mjini."

Alikuwa hatanii. Darasa la tatu, aliposimama kusoma kwa sauti, darasa zima lilicheka namna alivyotamka, na tangu siku ile hakunyoosha mkono tena mpaka alipomaliza la saba. Alijijua. Akikiweka kipaza sauti chini Jumamosi hii, hatakishika tena maishani, atashona sare za watoto wa watu mpaka azeeke, na wanaopita wataona tu binti mpole mwenye mkono mzuri. Eliud alimpa mpaka Alhamisi aamue, akaondoka bila hata kupiga honi, jambo ambalo si kawaida yake.

Siku hiyo ya Alhamisi Nosim alikuwa dukani kwa Mama Aika, ametumwa uzi mweusi, Aika yupo kaunta, mara akaingia Susana. Susana ni Mpare wa Same, anauza mitumba, ana mwili mkubwa na sauti inayoingia mahali kabla yake. Kila mtu anajua Wapare na Wachaga ni watani, na kama kuna asiyejua, akae duka lile nusu saa.

"Nimekuja kuibiwa," Susana alisema mlangoni. "Mchaga wangu yupo?"

"Yupo," Mama Aika akajibu bila kuinua uso. "Ila funga mlango, usije ukagongwa na mbuzi ukampeleka mbuzi mahakamani. Mpare anapenda kesi kuliko chakula."

"Afadhali mimi napeleka mbuzi. Wewe ukikutwa umezimia, mtu akichezesha sarafu sikioni unaamka unauliza ni ya nani."

"Nayo itakuwa yako, umeifunga kwenye khanga tangu ubatizo."

Waliendelea hivyo, mmoja anapima mchele, mwingine anaulalamikia, wote wawili wanacheka hadi machozi. Nosim alisimama na uzi wake mkononi akiwatazama. Maneno yenyewe, ukiyachukua moja moja, yalikuwa makali kuliko mengi aliyoandikiwa.

"Anti Susana, shikamoo," alisema. "Naomba nikuulize. Wewe na mama mnatukanana hivi kila siku. Mbona hamuumizani?"

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuambia tunatukanana?"

Aika akamweleza mambo ya mtandaoni, akamsomea machache kutoka kwenye simu. Susana alisikiliza, na kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Hawa siyo watani," akasema. "Mimi nikimwambia huyu mama mwizi, ananijua jina, anajua nyumba yangu, anajua hata jiko langu linavuja moshi wapi. Nasema nikiwa nimesimama hapa, na yeye ananijibu. Siku mama yake alipofariki, nani alikuwa wa kwanza kuwasha moto na kuteka maji?"

"Wewe," Mama Aika akasema. "Na ulimwigiza marehemu mpaka watu wakacheka msibani. Mungu akubariki, na mchele nakuongeza kidogo."

"Umeona? Ameongeza. Andikeni tarehe." Susana akamgeukia tena Nosim. "Utani una kazi yake, mwanangu. Anayetaka kunitania aje anioshee na masufuria. Hao wako wanataka kusema halafu wasioshe hata kijiko."

Nosim alizungusha uzi kwenye kidole, akaufungua tena. Halafu kitu fulani kikamchekesha, kwanza puani, kisha tumboni, na Aika akamtazama kwa mshangao maana tangu wiki ianze hakuwa amesikia kicheko kile.

"Basi waitwe," Nosim akasema.

"Wakina nani?"

"Watani wangu. Wote. Tuwaalike fainali. Tuwawekee viti."

Jioni ileile waliketi nyuma ya duka, Nosim, Aika na Eliud, wakaandika mwaliko mmoja. Aika alitaka kuweka neno moja kali, akanyimwa. Ulisomeka hivi: "Ndugu, umemtania Nosim, tunashukuru. Ila mtani hatanii kwa kujificha. Jumamosi saa kumi, uwanja wa Olasiti, kiti chako kipo mstari wa mbele na soda ipo. Njoo useme mbele yake, naye akujibu, tucheke, kisha usaidie kuosha masufuria." Wakaubandika chini ya kila tusi, mmoja mmoja, kwa majina waliyojipa wenyewe. Yupo mmoja tu hawakumwalika, yule aliyeandika kwamba atamsubiri Nosim njiani ampige. Huyo, Eliud alimripoti polisi asubuhi iliyofuata, maana utani una mpaka.

Hawakutegemea kilichofuata. Vijana wa Ngarenaro wakauchukua mwaliko ule wakauongezea picha ya kiti. Machalii wa Njiro wakaurudia. Wanafunzi wa Usa River wakaanza kuubandika hata chini ya matusi ya watu wengine, dada mmoja mnene aliyekuwa akichekwa kwa kucheza muziki, kaka mmoja mwenye ualbino aliyekuwa akiuza keki. Ikawa mtu akitukana tu, kabla hajameza mate, ameshakaribishwa na watu arobaini asiowajua, kwa adabu, na ameahidiwa soda. Hakuna kitu kinachomchosha mwenye chuki kama ukarimu. Wengi walifuta walichoandika wakatoweka kimya kimya. Wengine wakakasirika, na hao nao wakaulizwa wanapenda soda gani. Mmoja akaandika, "Samahani dada, nilikuwa nimefeli mtihani," na akajibiwa na watu kumi waliowahi kufeli mtihani uleule.

Mtoto wa Town hakufuta na hakujibu.

Jumamosi Mlima Meru ulikuwa umevua wingu lake, jambo la nadra saa hizo, na uwanja wa Olasiti ulijaa kuliko ulivyowahi kujaa. Mbele kabisa, karibu na meza ya mtangazaji, Aika alikuwa amepanga viti vyeupe vya plastiki alivyoazima kwa kikundi cha kina mama, kila kimoja na kipande cha boksi chenye jina: Simba Dume, Mrembo Asali, Komando wa Maneno, Mtoto wa Town, na wenzao. Kwenye kila kiti soda moja. Watu walikuja kupiga picha viti hivyo kama wageni wanaopiga picha twiga.

Nosim alisimama nyuma ya meza akiwa na kipaza sauti. Mwaliko ulikuwa wazo lake, lakini wazo ni kitu kimoja na koo ni kitu kingine. Filimbi ikalia. Akafungua mdomo, na ikatoka ile sauti ya habari.

"Mpira umeanza katika dimba la Olasiti," alisema, kila neno limenyooka. "Loshoro Queens wanashambulia kutokea upande wa magharibi."

Watu walitazamana. Mzee mmoja akauliza kama spika imeharibika. Dakika zilipita hivyo, mpira mzuri na maneno makavu, na Nosim alijisikia akizama. Alikuwa ameshaanza kumtafuta Eliud kwa macho amkabidhi kipaza sauti chake, ndipo akamwona Susana.

Susana alikuwa amechelewa, anahema, ana kapu kichwani. Aliona uwanja umejaa, akaona viti vitupu, akamshukuru Mungu. Hakusoma kipande cha boksi. Akakaa kwa uzito wake wote kwenye kiti cha Simba Dume, akafungua soda ya Simba Dume, akanywa.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Halafu watu wakaanza kunong'ona: kumbe Simba Dume ni yule mama. Susana akageuka huku na huku akishangaa kwa nini anatazamwa.

Nosim alijaribu kujizuia. Aliuma mdomo, akatazama mlima, haikusaidia.

"Jamani," alisema kwenye spika, na ilikuwa sauti yake, yenyewe, na S zake zote, "Simba Dume amefika. Ni jike, ana kapu, na soda ameshaimalisa. Usoefu wangu wa porini unanionyesha kwamba huyu simba ni Mpare."

Kicheko kilichopanda pale kilisimamisha mchezo. Susana alisoma boksi lake, akapiga kelele za kujitetea, kisha akasimama akanguruma, maana mtani wa kweli haachi nafasi impite. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha Nosim. Ng'ombe walirudi, fisi wakarudi, beki wa Olmotonyi akaambiwa anakaba kama anayezuia mbuzi asile shuka lililoanikwa. Loshoro walipofunga bao la kwanza, sauti yake ilifika mpaka kule Burka. Furaha aliyoisikia kifuani ilikuwa kubwa kiasi kwamba alisahau kuangalia viti.

Ni Aika aliyemvuta sketi, kipindi cha pili kikiwa kinaelekea mwisho.

"Geuka," alinong'ona. "Yule Mchaga wetu amekuja."

Kijana mrefu alikuwa amesimama mbele ya kile kiti cha Mtoto wa Town. Miwani ya jua ni ileile, gari halikuwapo. Aliitoa soda kwenye kiti akaiweka chini kwa uangalifu, akakaa, mikono katikati ya magoti. Watu wa karibu naye walisomeana kile kipande cha boksi, na jina likasambaa mpaka nyuma ya goli.

Nosim aliacha kutangaza. Alizunguka meza na kipaza sauti mkononi, akaenda mpaka mbele yake.

"Karibu, mtani," alisema, na uwanja ukasikia. "Umefanya visuri kuja. Wensako tumewasubiri hatujawaona. Jina lako la nyumbani ni nani?"

"Naitwa Leo," alisema kijana, polepole, kwa sauti laini ya kwenye runinga.

"Haya, Leo. Uliniandikia kitu. Kiseme hapa, nami nitakujibu. Hiyo ndiyo sheria." Akampa kipaza sauti.

Kijana alikipokea. Alivua miwani, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri. "Nilisema," alianza, kwa ile sauti laini, "nilisema kwamba wewe una..."

Hakumaliza. Nyuma ya Nosim, namba tisa wa Olmotonyi, msichana mfupi mwenye miguu ya haraka, alikuwa ameunasa mpira katikati ya uwanja na mbele yake hapakuwa na mtu. Kijana aliona. Akasimama kama aliyechomwa na mwiba, kipaza sauti bado kiko mdomoni.

"Silantoi!" alipaza. "Kimbia, dada yangu, kimbia! Usimpe mtu, huyo ndama ni wako! Mama weee, sisi liko wasi! Sisi liko wasi, piga, Silantoi, usingoje, piga! Goooli! Hilo ni goli, Sila, dada yangu wa tumbo moja, hilo ni goli!"

Spika ya Eliud iliubeba ule ukelele mpaka ng'ambo ya barabara. Zizi lilikuwa limegeuka sisi, wazi limegeuka wasi, na hapakuwa na mtu uwanjani asiyejua lafudhi ile inatoka upande gani wa mlima. Akina mama wa Olmotonyi walikuwa wakirukaruka. Kijana akaisikia sauti yake mwenyewe. Akaushusha mkono taratibu, akatazama kipaza sauti kama kitu kilichomuuma.

"Kumbe ni wenu," Aika alisema, na kwa kuwa alikuwa karibu, kipaza sauti kikalinasa na hilo. "Nosim, naudai mtori wangu."

Watu walicheka, lakini Nosim hakucheka. Alikuwa akimtazama kijana usoni.

"Unaitwa nani?" aliuliza tena, safari hii kwa Kimaasai.

"Lerionka." Alijibu kwa Kimaasai, kisha akarudi kwenye Kiswahili, chini chini, kipaza sauti kikiwa pajani. "Nilisoma bweni mbali. Nikifungua mdomo wanalia kama ng'ombe, bweni zima. Nikajifunza kusema kama watu wa runinga, usiku, peke yangu, mpaka wakaacha. Sasa wiki ile nimekaa na jamaa zangu wa mjini, wakacheza ile video yako. Wakacheka. Mimi nikasikia ni mimi nimetoka kwenye simu." Alimeza mate. "Niliogopa, dada yangu. Nikasema bora anyamase huyu kabla hawajanitambua."

Nosim alikuwa ameandaa jibu lake tangu Alhamisi. Lilikuwa jibu kali, lenye fisi wawili ndani yake, na Aika alikuwa amelipitisha. Akalitafuta, akaliona halina pa kwenda. Alimkumbuka mtoto wa darasa la tatu aliyesimama na kitabu, na akaelewa kwamba huyu naye aliwahi kusimama hivyohivyo, ila yeye hakuwa na Aika wa kumpikia.

Mpira ulikuwa umewekwa katikati. Matokeo ni bao moja kwa bao moja, na refa anatazama saa yake.

"Jibu langu ni hili," Nosim alisema. "Koo limenikauka. Tangasa wewe dakika silisobaki."

"Mimi?"

"Masufuria utaosha baadaye, usidhani nimesahau. Haya, inua."

Lerionka aliinua kipaza sauti. Alinyoosha shingo, na Nosim akaijua ile sauti ya habari kabla haijatoka.

"Mpira unarejea katikati ya uwanja," alisema Lerionka, laini, kila neno limepigwa pasi.

"Hapana," Nosim akamkatisha. "Huyo simjui. Niitie yule kaka yake Silantoi."

Lerionka alimtazama, akautazama uwanja, watu wote wale. Akavuta pumzi. Kisha akaanza upya, kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni na kukaa sawa ilipofika katikati ya sentensi, S zikiingia moja baada ya nyingine, na ng'ombe wa Olmotonyi wakiingia nyuma yake. Ng'ambo ya uwanja dada yake alisimama na jezi imejaa vumbi, akisikiliza, mkono mdomoni.

Nosim alikaa kwenye kiti cha Mtoto wa Town, akafungua soda. Maisha yake yote hakuwahi kusikia spika ikisema kama wanavyosema kwao. Aliisikiliza mpaka filimbi ya mwisho, na akaona kwamba ni sauti nzuri.